Waliokwenda Kumlaki na Sisi Tuliobaki

Zimeni redio hiyo, wanangu, na mlango wa karakana uegesheni tu, msiufunge, maana mteja akija leo naye ana haki ya kujua kwamba mwenye kazi anaaga. Sogeeni. Wewe kifungua mimba wangu kaa hapa miguuni, na uvue hilo koti la mahubiri, hapa hakuna mkutano. Wewe binti yangu wa kati, tangu uliposhuka kwenye basi umekaa kizingitini na mkoba mapajani kama abiria anayeogopa kuachwa na gari. Ingia ndani, mwanangu, weka mkoba chini. Na wewe kitinda mimba, acha hiyo sindano, godoro halina miguu. Daktari alipozungumza nanyi nje ya dirisha alidhani masikio yangu nayo yanaumwa, kumbe nilisikia kila neno. Sina kinyongo naye. Ila kama muda ni huo aliousema, basi nyamazeni nyinyi, nizungumze mimi.

Nimesikia pia ugomvi wenu wa jana. Kifungua mimba, umesema nyumba hii iuzwe na fedha ziende kwenye kazi ya Bwana, kwa kuwa parapanda iko mlangoni na hakuna sababu ya mtu kung'ang'ania matofali. Dada yako amekujibu kwamba ukiiuza hatakuona tena mpaka mnaingia kaburini. Na huyu mdogo wenu aliendelea kushindilia pamba kama vile hamkuwa mnalizungumzia paa analolala chini yake. Kila mmoja wenu amebeba kipande cha siku ile na anadhani ndicho siku nzima. Leo nitawapa yote, ndipo niwaambie nyumba ni ya nani.

Baba yenu alikuwa fundi magodoro, na sikuwahi kuona mwingine kama yeye. Alishonea humu humu, chumba hiki cha mbele, sufi ikiruka hewani na kutunasa kwenye kope, na nyinyi mkitoka kucheza humu vichwa vyeupe kama wazee wa baraza. Akimaliza godoro alilikandamiza kwa kiganja, akainamisha kichwa kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa, kisha akasema, "Hili limekubali." Likikataa, alilifumua lote. Alikuwa mpole, hakuinua mkono kwangu wala kwa mtoto. Nasema haya kwa ajili yako, binti yangu, kwa sababu najua wewe huwezi kumtaja baba yako bila kukunja uso.

Kisha akaja yule tuliyemwita Mjumbe. Alikuwa mtu mwembamba, shati lake safi daima, na alibeba kitambaa kilichochorwa mawingu na parapanda, akikitundika kwenye ukuta wa nyuma wa kibanda cha kinyozi na kuhubiri mbele yake. Wapo waliosema baadaye alikuwa tapeli. Sijui. Nilimpikia mara nyingi, alikula kidogo, na akiomba alilia machozi ya kweli. Alitufundisha habari za unyakuo: kwamba parapanda italia, waliolala katika imani watafufuka, na walio hai watainuliwa mawinguni kufumba na kufumbua, na watakaobaki watawatafuta wenzao wasiwaone, watakuta shati kwenye kiti, chai bado inatoa mvuke na mnywaji hayupo. Hiyo chai ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nikimimina chai asubuhi, nawaangalia mmoja mmoja kama mpo.

Mtu asije akawaambia nilivutwa na mume. Niliamini mwenyewe, kwa moyo wangu wote. Nilikuwa mwanamke mwenye watoto watatu, mmoja mgongoni, na mama mkwe aliyepooza upande mmoja, na habari kwamba nitainuliwa mzima mzima, nitolewe kwenye beseni la nguo kama mtu anavyomwinua mtoto, ilinipendeza kuliko habari yoyote niliyowahi kusikia.

Siku ilipotajwa, baba yenu aliacha kupokea kazi. Mteja akija kuagiza godoro alimwuliza kwa huruma, "Nani atalilalia?" Jirani yetu, fundi wa kuchomelea, ambaye kanisani alikuwa akiingia kwa mazishi tu, alimjibu, "Basi nishonee mimi, bwana, maana mimi nabaki." Watu walicheka. Baba yenu hakucheka, aliingia ndani akamlilia yule jirani kama mtu aliyefiwa.

Mpango ulikuwa tukusanyike kwenye ghala la nafaka lililoachwa, kule kilimani nje ya mji, tumngoje Bwana tukiwa pamoja, na saa yenyewe ingekuwa adhuhuri. Wagonjwa wasibebwe, alisema Mjumbe, wao watanyakuliwa papo hapo vitandani. Lakini mzima atakayebaki nyumbani kwa hiari yake huyo ametazama nyuma, na mlango utafungwa naye akiwa nje. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, na niliyaamini kama ninavyoamini kwamba nyinyi mko hapa.

Asubuhi ile nilikuwa tayari. Nilikuwa nimevaa nguo nyeupe na viatu, mtoto mgongoni, nikaingia chumba cha nyuma kumuaga bibi yenu, tuonane huko juu. Nikakuta amejilowesha. Shuka limelowa, godoro limelowa, naye amegeuzia uso ukutani kwa aibu.

"Nenda, mama," akaniambia. "Wenzako wanakungoja."

"Nitakwendaje na wewe umelowa?"

"Si ninaondoka leo? Nitakauka huko huko."

Nilicheka, wanangu. Siku ya mwisho wa dunia, nami nikacheka. Kisha nikavua viatu. Baba yenu alisimama mlangoni, amewashika nyinyi wawili mikono, nikamwambia, "Tangulieni, nambadilisha mama, nakuja." Akasema, "Saa haimsubiri mtu, mama watoto." Nikasema, "Nakuja." Na wewe binti yangu uliniangalia ukaniuliza, "Kweli unakuja?" nikakujibu kweli. Umenitunzia jibu hilo mpaka leo. Nilisema nakuja kwa sababu nilijua nakuja. Lakini kumgeuza mtu aliyepooza, kumwosha, kumkausha, kumtoa kwenye godoro moja na kumlaza kwenye lingine, ukiwa peke yako na mtoto analia, si kazi ya kufumba na kufumbua. Nilipomaliza nilitazama kivuli cha ukuta uani, nikajua sitafika. Na ningefika, ningekuwa nimemwacha peke yake anasikiliza. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilijua ninachokikosa. Sikukaa kwa sababu nilikuwa na mashaka, nilikaa kwa sababu sikuweza kuinuka.

Mtaa ulikuwa mtupu. Nyumba za waumini zimefungwa, kuku wao wanaparua uwanjani wakishangaa kwa nini hawajatupiwa kitu. Bibi yenu akaniuliza, "Hivi wamekwenda kufanya nini hasa?" Nikamwambia, "Wamekwenda kumlaki Bwana, mama." Akasema maneno ambayo nimekaa nayo maisha yangu yote. Mnajua ujanani alifanya kazi kwenye nyumba ya wageni, kazi yake ilikuwa kwenda stesheni kupokea wanaoshuka. Akasema, "Mimi nimelaki watu mpaka nywele zimeota mvi. Treni ikiingia unatoka mbio, unamsalimu mgeni, unampokea mzigo, unarudi naye ndani. Sijawahi kumlaki mgeni nikapanda naye treni kwenda kwao. Kama wamekwenda kumlaki, basi wanakuja naye hapa. Na uwanja hujaufagia."

Nikainuka nikafagia. Nicheke au nilie, sijui, lakini nilifagia uwanja wote, nikatandika kitanda, nikafungua madirisha, nikachota maji nikayaweka mlangoni. Niliporudi chumbani nilimkuta yule yule mzee aliyenituma analia. "Lakini mwanangu," akasema, "kama wamekwenda kweli, na mimi bado niko hapa kitandani, ina maana mwanangu wa kumzaa yuko juu na mimi sikutakiwa?" Nikapanda kitandani nikalala naye, mtoto katikati yetu.

Adhuhuri honi ikalia. Honi ndefu, wanangu, yenye kutikisa bati. Bibi yenu akanikamata kwa ule mkono wake mmoja mzima nikadhani utanivunja.

"Ndiyo hiyo?"

"Hapana, mama. Ni lori la mawe."

"Una uhakika?"

"Linabadilisha gia."

Likapita. Na kimya kilichokuja baada yake sijakisikia tena popote. Niliamini yamekwisha. Niliamini baba yenu na nyinyi wawili mmekwenda, na kwamba sitawaona tena, na kwamba mimi ni katika wale watakaotafuta wasipate. Jioni nikatoka kuwapa kuku wa watu chakula, nikamwona fundi wa kuchomelea amekaa mbele ya karakana yake anavuta sigara, nikasema moyoni, haya, huyu naye kaachwa, angalau nina jirani. Jambo moja tu lilinisumbua. Huyu hapa, kitinda mimba, alikuwa bado yupo. Nilikushika mguu, nikaufinya mpaka ukalia. Mtoto asiyejua hata kusema uongo, mbona hakuinuliwa? Niliwaza hivyo kucha na kutwa, nikimbadilisha bibi yenu, nikikunyonyesha, nikifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Sijawahi kuwa mpweke vile, wala nilipofiwa. Aliyefiwa ana watu wa kumpa pole. Mimi nilijiona nimeachwa na Mungu akiwa na akili zake timamu, kwa jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na jambo lenyewe lilikuwa kubadilisha shuka.

Nipeni maji. Kidogo. Haya.

Wakarudi. Walianza mmoja mmoja, wakipita kando ya ukuta, hakuna anayemsalimu mwenzake, wanafungua makufuli yao na kujifungia. Nilikimbilia kila mmoja, nikiuliza wangu wako wapi, nao wakitazama chini. Nyinyi mlishushwa na dereva wa lori siku iliyofuata, mmejaa vumbi, nguo nyeupe imekuwa rangi ya barabara. Wewe binti yangu ulinirukia ukanipiga ngumi tumboni, ukasema, "Ulisema unakuja!" Na wewe kifungua mimba hukuingia ndani. Ulisimama nje, pale penye bomba, kwa sababu ulikuwa umewaaga wenzako shuleni, umewagawia vitabu vyako, na sasa walikuwa wanakutazama kutoka kwenye kila dirisha. Nilikuja kukuchukua. Ukaniambia, "Baba amesema hesabu ilikosewa kidogo. Amekwenda na Mjumbe kungojea mahali pengine. Amesema tumngoje."

Tukamngoja. Nilijifunza godoro kwa kulifumua la kwake la mwisho na kulishona upya. Vidole vilitoboka, ile sindano ndefu haina huruma, wateja walinirudishia kazi, na fundi wa kuchomelea alikuwa mteja wangu wa kwanza kunilipa bila kulalamika, ingawa naamini alilalia mabonge. Bibi yenu alinifundisha kutoka kitandani, maana mwanawe alijifunzia mbele ya macho yake: shindilia pembe kwanza, katikati patajijaza. Alipoaga dunia alikuwa amenishika nguo, na hakuuliza tena habari za juu wala chini, aliuliza kama mmekula.

Sasa jambo ambalo hamjapata kulisikia. Miaka mingi baadaye, nilikuwa nimekwenda sokoni kununua kitambaa, na magodoro yangu yameanikwa pale nje. Kinyozi aliniambia alikuja mtu mwenye ndevu za mvi, kiatu kimechoka, akasimama penye bomba kwa muda mrefu. Akamwuliza kinyozi, "Haya magodoro ni ya nani?" Kinyozi akamjibu, "Ni ya mama wa hapa, anashona mwenyewe." Yule mtu akavuka barabara, akalikandamiza moja kwa kiganja, akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Limekubali," akaenda zake. Niliporudi nilikimbia mpaka kituo cha mabasi, nikachungulia kila dirisha. Hakuwepo. Sikuwaambia, kwa sababu mmoja wenu angemfuata na mwingine angemlaani, na mimi nilitaka tu arudi, aingie, akae, ale. Tangu siku hiyo sikutia komeo kwenye mlango wa karakana. Mkadhani uzee umenisahaulisha.

Alikufa ugenini, akingoja. Aliyeniletea habari ni mmoja wa waliobaki na Mjumbe mpaka mwisho, akanieleza mji na makaburi yalipo. Alisema baba yenu alikuwa akiwashonea wenzake magodoro, wakati wenyewe waliapa hawatakuwepo kuyalalia.

Kifungua mimba, usiinamishe kichwa, nakuambia wewe. Nimekusikiliza ukihubiri, na sauti yako ni nzuri, na sikuwahi kukuambia usiseme habari za unyakuo, maana mimi mwenyewe nangoja. Naamini atakuja. Lakini hilo neno linanitisha kila ukilipigia kelele, kwa sababu kunyakua ni kazi ya mwewe, na sisi si vifaranga, wala Yeye si mwewe wa kumpokonya mama mtoto mkononi na kuacha uwanja umejaa manyoya. Mimi sikusoma, sijui vitabu vya wakubwa vinasemaje. Ninachojua ni kile alichosema bibi yenu wa stesheni. Tunakwenda kumlaki, tunarudi naye. Anakuja hapa, kwenye shuka lililolowa, kwa fundi wa kuchomelea na sigara yake. Ukihubiri, wahubirie hivyo, uwaache watu na nyumba zao. Na tarehe usitaje. Niangalie. Tarehe usitaje. Wewe unamngoja Bwana, mwanangu, lakini kwa muda mrefu nimekuona unamngoja pia baba yako atokee mawinguni akuambie kwamba hukuaibika bure. Hukuaibika bure. Ulikuwa mtoto uliyemtii baba yako.

Binti yangu, mama yako alisema anakuja na hakuja. Ndivyo ilivyokuwa. Ungekuwa wewe umelala kitandani umelowa, ningebaki vilevile. Sina lingine la kukupa juu ya hilo. Nimefurahi umeweka mkoba chini.

Nyumba haiuzwi. Si mwaka huu, wala parapanda ikilia kesho asubuhi, haiuzwi. Karakana, mashine na jina la kazi ni vya kitinda mimba, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyovishika. Chumba cha pili chenye dirisha la barabarani ni cha binti yangu, aje, asije, kisipangishwe, kitanda kitandikwe. Wewe kifungua mimba utachukua banda la uani, utasali humo na watu wako, na wakichelewa kuondoka mtawapa chai. Chumba cha bibi yenu si cha mtu. Ni cha yeyote katika ukoo huu atakayeugua akakosa wa kumgeuza.

Godoro la mke wa fundi wa kuchomelea limebaki pembe moja. Apelekewe kabla ya mazishi yangu, si baada, mgongo wake unamuuma.

Mnizike karibu na bibi yenu. Baba yenu muacheni alipo, lakini mwende, nyinyi wawili mnaogombana, mwende pamoja, basi moja, kiti kimoja, mkamsafishie kaburi. Msipelekane maneno njiani. Mkikosa la kusema, nunueni karanga mle.

Nimechoka sasa. Nisogezeeni... hapo, hapo panatosha.

Mungu awape usingizi mzuri. Awape mikono isiyokataa kazi chafu. Watoto wenu wakiwaita wawakute, na nyinyi mkiita muitikiwe. Asiwatenganishe kwa jambo lolote, hata kwa jambo jema. Amina. Semeni amina... vizuri.

Mbona mmenyamaza? Zungumzeni. Ongeeni jambo lolote, gombaneni hata, juu ya nyumba, juu ya chochote... taa imekuwa hafifu, siwaoni vizuri. Msinyamaze, wanangu. Nikisikia sauti zenu nitajua mpo.